Ukoko wa Mifereji: Dawa Yake ni Ndimu na Subira

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na familia, Migori, katika matayarisho ya Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwepo siku hiyo lakini umelishika jarida hili mkononi, nilipoambiwa nichague mada ya kuzungumza kabla ya mwezi mtukufu, wengi walitaraji nizungumzie nguzo za saumu au fadhila za kumi la mwisho. Mada hizo zina masheikh wake, na mimi ni mwanafunzi tu. Mimi nilichagua mifereji. Ndiyo, hii mifereji ya maji tunayotawadhia, na masinki ya jikoni, na birika la chai ya futari. Wenzangu walicheka. Lakini naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu katika kuisafisha mifereji nilifanya kosa ambalo nusura limdhuru mtoto wa watu.

KOSA LANGU

Miaka miwili iliyopita nilirudi nyumbani likizo, mwezi wa Shaabani. Katika msikiti mmoja wa huku kwetu, ambao sitautaja, sehemu ya kutawadhia ilikuwa imejengwa upya. Palikuwa na hodhi refu la stenlesi na mifereji sita inayong'aa. Vitu hivyo vilinunuliwa kwa mchango. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho, na hata nyanya yangu anayeuza omena kule Kendu Bay alituma chake. Kwa hivyo hiyo mifereji ilikuwa waqfu. Ilikuwa amana.

Basi nilipofika nilikuta mambo yameharibika. Hodhi lilikuwa na ukungu mweupe kila mahali. Kwenye midomo ya mifereji kulikuwa na ukoko mgumu kama ule wa wali chini ya sufuria, ila mweupe. Mfereji mmoja ulikuwa unarusha maji pembeni, mwingine haufungi sawasawa. Wazee walikuwa wanasema tumeuziwa bidhaa mbovu, inunuliwe mingine. Mimi, kijana wa chuo, nikasema niachieni mimi.

Nikachukua waya wa kusugulia sufuria nikasugua kwa nguvu zangu zote. Ukoko ukatoka kidogo, mikwaruzo ikabaki mingi. Nikamwaga dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe. Ukoko haukutikisika. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua asidi kali ya kusafishia vyoo, nikaimwaga papo hapo juu ya ile klorini. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Mtoto mmoja wa madrasa, wa miaka kama kumi na mmoja, alikuwa ananisaidia kushika ndoo.

Ndugu msomaji, harufu iliyotoka pale siisahau. Macho yalichoma, kifua kikabana. Nilimvuta yule mtoto nje anakohoa mpaka anashindwa kuvuta pumzi. Alipelekwa hospitali, na alhamdulillah alipona. Lakini usiku ule sikulala.

Na hodhi lenyewe je? Lilifanya mabaka meusi, na baada ya wiki chache vikatokea vidoadoa vya kutu na vitundu vidogo vidogo. Ukoko ulikuwa haujaliharibu. Aliyeliharibu ni mimi.

NYANYA NA NDIMU

Nilikwenda Kendu Bay kumwambia nyanya, kwa kuwa pesa yake ilikuwa mle. Nilianza kumweleza habari za hodhi, bei yake, na jinsi kamati ilivyokasirika. Akanikata maneno: "Mjukuu wangu, chuma kitanunuliwa kingine. Huyo mtoto je? Umekwenda kwa mamake?" Nilikuwa sijaenda. Nilikuwa naona haya.

Nilirudi nikaenda kwa mama wa yule mtoto, nikaomba msamaha. Nikafanya vibarua likizo nzima nikachangia fedha ya hodhi. Lakini kabla sijaondoka Kendu Bay, nyanya alinionyesha birika lake la stenlesi. Ana miaka nalo, na maji ya kisima chake huacha ukoko, lakini ndani linang'aa. Akakata ndimu mbili, akazikamua humo, akatia maji, akaliteleka jikoni. Lilipochemka akalitua, tukakaa tukazungumza. Baadaye akamwaga. Ukoko wote ulitoka na maji, bila kusugua.

Nikamuuliza, "Kwani hiyo tu?" Akasema, "Hiyo tu. Ila wewe una haraka."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza. Leo nataka nikupe niliyoyapata, ili usilipie somo hili kwa bei niliyolipa mimi.

UKOKO NI NINI?

Wengi wetu tunadhani ukoko mweupe ni uchafu. Sio uchafu. Ni jiwe.

Maji ya mvua yanapopita hewani na ardhini hubeba gesi ya kaboni dayoksaidi, yakawa na ukali kidogo sana. Yakipita kwenye miamba yenye chokaa, huiyeyusha kidogo kidogo na kuibeba. Huioni kwa macho, maji ni meupe safi. Lakini yakichemshwa kwenye birika, au tone likikauka juu ya mfereji, ile gesi hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Tone moja huacha alama usiyoiona. Matone ya mwaka mzima huacha ukoko.

Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Utayajua kwa sabuni: unasugua na povu halitoki upesi. Kunywa maji yenye chokaa hakukudhuru, ni madini tu. Shida yake ni kwa vyombo.

Na sisi watu wa Migori na Homa Bay tunayo sababu ya kuyajua haya. Ile milima ya Homa inayoonekana kutoka Kendu Bay ni volkano ya zamani, na mwamba wake mwingi ni wa aina iitwayo kabonataiti, mwamba wa volkano uliojaa chokaa. Karibu na hapo kuna ziwa Simbi Nyaima, lililo katika shimo la volkano, na maji yake ni ya magadi. Kila mtoto wa kule ameisikia hadithi ya ajuza aliyenyimwa ukarimu mpaka kijiji kikazama. Huku Migori miamba ni mingine, ni ile ya kale sana inayochimbwa dhahabu, na udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe kwa kawaida ni laini, hayana chokaa nyingi. Kwa hivyo anayetumia maji ya ziwa na anayetumia kisima wanaweza kuwa majirani, mmoja ana ukoko na mwenzake hana. Usimwambie jirani yako kuwa ni mchafu. Huenda tofauti yenu ni kisima.

Kwa nini basi ndimu iliweza pale nguvu zangu ziliposhindwa? Chokaa huyeyushwa na kitu kichachu. Siki, ndimu, limau, vyote vina asidi ya chakula. Asidi ikikutana na chokaa, jiwe huvunjika, ile gesi hutoka kwa vipovu, na kinachobaki huondoka na maji. Klorini ni dawa ya kuua vijidudu na kung'arisha nguo. Kwa chokaa haina kazi. Sabuni nayo ni dawa ya mafuta. Kila ugonjwa na dawa yake.

STENLESI NAYO NI NINI?

Jina lake linasema haishiki madoa, lakini tusidanganyike. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na yale masinki mazuri ya jikoni huwa na karibu asilimia 18. Mwingereza Harry Brearley wa mji wa Sheffield ndiye anayetajwa sana kwa kuitengeneza mwaka 1913. Siri yake ni kwamba ile kromiamu hukutana na hewa ikafanya utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando huo ndio unaozuia kutu, na ukikwaruzwa hujitengeneza tena wenyewe.

Lakini una maadui wawili niliowaleta mimi mwenyewe. Wa kwanza ni klorini na chumvi zake. Zikikaa juu ya stenlesi huutoboa utando na kuchimba vitundu. Na asidi ile ya vyoo, ambayo nayo ni ya jamaa hiyo hiyo, ni kali zaidi. Adui wa pili ni waya wa chuma wa kusugulia. Unakwaruza, na unaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida ambavyo hushika kutu. Ukiona vidoa vyekundu kwenye sinki siku chache baada ya kusugua, mara nyingi ni kutu ya ule waya.

NAMNA YA KUSAFISHA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kina mama na vijana, fuateni hivi.

Kwanza, lijue doa. Ukoko mweupe wenye kukwaruza kidole ni chokaa. Doa la rangi ya kahawia au chungwa ni la chuma kilichomo majini, au kutu ya mabomba ya zamani. Weusi wenye utelezi ni sabuni na ukungu, huo ni wa sabuni na mswaki. Ukiwa na shaka tia tone la siki. Likitoa vipovu, ni chokaa.

Pili, osha kwa sabuni ya vyombo na maji, suuza sana. Mafuta na sabuni iliyoganda huifunika chokaa, siki isiifikie. Na kama mahali hapo pamewahi kutiwa klorini, acha siku hiyo. Suuza kwa maji mengi, fungua madirisha, ufanye siku nyingine.

Tatu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Chovya kitambaa, kizungushe kwenye mfereji pale penye ukoko, kisha kifunge kwa mfuko wa plastiki na mpira ili kisikauke. Acha dakika 15 hadi 30. Kitambaa hicho ndicho kinachofanya kazi, wewe kaa usome juzuu lako. Kama huna siki, kata ndimu ukaibandike pale pale. Kwa ukoko mnene rudia mara mbili au tatu. Usiuache usiku kucha.

Hapa kuna tahadhari. Mifereji mingi inayong'aa kama kioo si stenlesi, bali ni shaba iliyopakwa kromiamu juu. Hiyo usiizidishie dakika 10 au 15, kwa sababu siki ikikaa sana inaweza kuula ule mpako. Ukiwa hujui mfereji wako ni wa aina gani, uhesabu kuwa ni wa kupakwa.

Nne, fungua na usugue polepole kwa sponji laini au mswaki mkuukuu. Stenlesi ya sinki ukiitazama vizuri ina mistari myembamba. Sugua kufuata mistari hiyo, usiikate.

Tano, suuza vizuri na ukaushe kwa kitambaa kikavu. Nasisitiza hapa. Ukoko huzaliwa tone linapokauka, kwa hivyo ukiyafuta maji kabla hayajakauka umeuzuia usizaliwe. Ukimaliza kuosha vyombo vya daku, pitisha kitambaa kwenye sinki. Ni nusu dakika tu.

Kwa mfereji unaorusha maji pembeni, mara nyingi kuna kichujio kidogo cha wavu kwenye mdomo wake. Kwanza ziba tundu la sinki kwa kitambaa, visije vipande vikapotelea humo. Fungua kichujio, kiloweke kwenye siki nusu saa, kipige mswaki, kirudishe. Mfereji usiofunga sawasawa huenda mpira wake wa ndani umelika, nao hubadilishwa kwa bei ndogo. Si lazima mfereji mzima ununuliwe.

Kwa birika, liwe la jikoni au la umeme, tia maji na siki nusu kwa nusu, au maji na ndimu mbili. Chemsha, acha dakika 20 au 30, mwaga. Kisha chemsha maji matupu mara mbili na uyamwage, chai isije ikanuka siki mbele ya wageni wa futari.

Kwa doa la kutu juu ya sinki, maji ya limau yakikaa kidogo husaidia, kisha sugua taratibu kwa uji mzito wa baikaboneti, ile ya kuumulia keki. Lakini usichanganye baikaboneti na siki pamoja. Wengi hufanya hivyo kwa kuwa inatoa povu zuri. Povu hilo ni vitu viwili vinauana: siki inapoteza uchachu wake, na baikaboneti inapoteza kazi yake. Unabaki na maji ya chumvi.

Na mwisho, siki isidondoke kwenye sakafu ya terazo, saruji au marumaru, kwa maana nazo zina chokaa ndani yake. Itaila sakafu kama inavyoula ukoko. Tandika kitambaa chini.

LILILO KUBWA KULIKO YOTE

Ndugu zangu, ukiyasahau yote niliyosema, hili usilisahau. Usichanganye kamwe klorini na asidi yoyote, iwe ya vyoo, iwe siki, iwe ndimu. Inatoka gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi iliyofunguliwa juu ya wanajeshi kule Ypres, nchini Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi niliitengeneza kwenye chumba cha udhu, kwa nia njema. Vile vile klorini usiichanganye na dawa zenye amonia, na mkojo nao una asili hiyo, kwa hivyo suuza choo kabla hujaitia.

Ikitokea, toka nje mara moja na umtoe kila mtu, nendeni penye hewa. Usirudi ndani kuokoa ndoo. Macho yakichoma yaoshe kwa maji safi mfululizo dakika 15. Mwenye kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu. Na hizi dawa ziwekwe mbali na watoto, kwenye chupa zake zenyewe. Zisiwekwe kwenye chupa za soda.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Utasema, ukoko kwenye mfereji haubatilishi udhu. Kweli, haubatilishi. Lakini tazama upande wa pili. Tumefundishwa madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, haifiki hata lita moja. Mfereji wenye ukoko hurusha maji pembeni, mtu akaufungua zaidi, na mengi yakaenda bure. Ule usiofunga hudondoka. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukihesabu matone 20 kuwa mililita moja, hizo ni zaidi ya lita 4 kila siku kwa mfereji mmoja. Lita nne ni udhu wa watu watano au sita kwa kipimo cha mudi. Na kuna mama zetu ambao hayo maji wanayabeba kichwani.

Tena kumbuka tuliyokuwa tunataka kuyafanya: kutupa mifereji mizima na kuchangisha upya, wakati dawa yake ilikuwa sokoni kwa bei ya ndimu. Siki nayo Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Iko jikoni mwetu siku zote.

Kwa hivyo vijana wenzangu, kabla mwezi haujaandama, tukutane tuisafishe misikiti yetu. Kila mmoja aje na chupa ya siki, kitambaa na mswaki mkuukuu. Palipo na paa la mabati, tukinge maji ya mvua. Hayajapita kwenye miamba, hayana chokaa, na ukisuuzia stenlesi huacha safi. Pawe na mtu wa zamu wa kufuta hodhi kila baada ya Isha na tarawehe. Na watoto tusiwape dawa kali washike, hata wakitubembeleza.

Yule mtoto wangu wa ndoo sasa amekuwa mkubwa. Likizo iliyopita nilimkuta msikitini ameshika kitambaa na nusu ya ndimu, anawaonyesha wadogo zake namna ya kufunga mfereji. Aliponiona akacheka, akaniambia, "Ustadh, leo dirisha nimelifungua." Nilicheka naye, lakini machozi yalinilenga.

Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu, atusamehe tulipokosea kwa kutojua na tulipokosea kwa haraka, na atujaalie tuwe walinzi wazuri wa amana za Waislamu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.